Jina la kumi na sita

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Makoroboi hapa Mwanza, mabishano ya kikosi huwa ni ya majina ya juu. Kwa Taifa Stars ni nani aanze mbele, nani kazeeka, nani kabebwa. Wachache wetu tunaofuatilia kriketi tunafanya yaleyale kila India, Uingereza au Afrika Kusini wanapotangaza timu ya kwenda ugenini: tunagombania nahodha na mpigaji namba tatu. Tunapoteza kahawa bure. Kwenye ziara ya Testi majina saba au nane ya juu yanajiandika yenyewe, na mtu yeyote aliyeangalia msimu mmoja anaweza kuyataja. Kazi ya kamati ya uteuzi inaanzia jina la kumi na mbili kwenda chini, na huko chini ndiko ziara zinakookolewa au kuzamishwa.

Kwa aliyezoea soka, jambo la kwanza la kushika ni kwamba kriketi ya Testi haina benchi. Mechi ni siku tano, ova 90 kwa siku, mirusho sita kwa ova. Kila timu ina zamu mbili za kupiga. Ukitaka kushinda, kwa kawaida lazima uwatoe wapinzani wote mara mbili, wiketi kumi na kumi (kila anayetolewa ni wiketi moja), ishirini jumla. Usipozifikisha, hata ukiwa mbele kwa mikimbio 300, yaani pointi, jioni ya siku ya tano, hiyo ni sare. Na katika siku zote hizo tano mrushaji wako akichanika msuli asubuhi ya kwanza, umebaki na pengo hilo mpaka mwisho. Atakayeingia badala yake anaruhusiwa kudaka mipira uwanjani, na tangu 2017 anaweza hata kulinda wiketi, yaani kudaka nyuma ya mpigaji, waamuzi wakikubali, lakini hapigi wala harushi.

Msamaha mkubwa ni mmoja, mtikisiko wa ubongo. Tangu Agosti 2019, mchezaji aliyepigwa kichwani anaweza kubadilishwa kabisa, na anayeingia awe wa kazi ileile. Katikati ya 2025 wakubwa wa mchezo wakakaza zaidi: kila timu itaje kabla ya mechi watu watano wa akiba kwa ajili hiyo, mmoja mlinda wiketi, mmoja mpigaji, mmoja mrushaji wa kasi, mmoja wa spini (anayezungusha mpira ili ugeuke ukidunda) na mmoja kiraka wa kupiga na kurusha. Piga hesabu: 11 na 5 ni 16. Timu ya nyumbani inaweza kumpigia simu mtu aliye kilomita mia. Timu ya ugenini inambeba kwenye ndege. Kwa hiyo wa kumi na sita hajapelekwa kutalii.

Mtumbwi wa injini unaotoka mwaloni Kirumba kwenda kisiwa cha Goziba hauondoki bila plagi ya akiba na kasia. Huko katikati ya ziwa hakuna duka.

Sasa kikosi kinaanzia wapi? Kinaanzia ardhini.

Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba anaijua mbuga. Mvua zikikolea ule udongo mweusi unavimba na kung'ang'ania jembe. Kiangazi kikifika unanywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Pichi ya kriketi, ule ukanda wa katikati wenye urefu wa mita 20.12, ni udongo mfinyanzi wa tabia hiyohiyo, umemwagiwa maji, ukashindiliwa kwa roli zito siku baada ya siku mpaka ukawa kama sakafu. Luseni ya mlimani haifai kwa kazi hii, mchanga wake haushikani. Mfinyanzi unashika, lakini jua linaendelea kuunyonya wakati mechi inachezwa, na siku ya nne au ya tano sakafu inaanza kupasuka. Mpira ukiangukia mpasuko unachupa au unatambaa. Ndiyo maana zamu ya mwisho ya kupiga ndiyo ngumu kuliko zote.

Udongo wenyewe unatofautiana hata ndani ya nchi moja. India wana viwanja vya udongo mweusi kama Kanpur, na vya udongo mwekundu kama Wankhede wa Mumbai. Mweusi unatunza unyevu muda mrefu, mpira unadunda chini na polepole. Mwekundu unadundisha zaidi na ukivunjika unavunjika vibaya, spini inageuka huku ikiruka. Mteuzi anayesema “tunakwenda India, tubebe spini” amefanya nusu ya kazi. Spini ipi, kiwanja kipi, mwezi gani?

Kitu cha pili ni mpira wenyewe, na hapa watazamaji wengi wanadhani mpira ni mpira. Wote ni wa ngozi, uzito kama gramu 156 hadi 163, lakini viwanda ni vitatu. Uingereza na West Indies wanatumia Dukes. Australia, New Zealand na Afrika Kusini wanatumia Kookaburra. India wanatumia SG. Tofauti iko kwenye mshono. Dukes imeshonwa safu zote sita kwa mkono, mshono unasimama, ngozi inashika mng'aro, na mpira unaendelea kupinda hewani hata ova ya hamsini. Kookaburra ina safu mbili za ndani za mkono na nne za nje za mashine. Mshono unalala mapema, na baada ya ova ishirini hivi mpira unakwenda moja kwa moja kama jiwe la manati. Mpira mpya hauruhusiwi mpaka ova 80 zipite. Hapo katikati kuna ova sitini ambazo lazima mtu azirushe.

Hizo ova sitini ndizo zinazochagua timu. Ukienda Uingereza, mrushaji wa kasi ya wastani, kilomita 130 kwa saa, anayejua kuuweka mshono wima, ni dhahabu. Mchukue huyohuyo umpeleke Brisbane na mpira wa Kookaburra: ova kumi za kwanza atasumbua, halafu atapigwa mpaka chai. Kule unahitaji mtu wa kilomita 145, au mrefu anayeutoa mpira juu sana ili udunde kwenye mbavu, pamoja na spini mmoja mvumilivu wa kubana upande mmoja ova thelathini bila kuchoka wala kuchokonoka. Kosa la kawaida la wateuzi ni kuangalia nani alipata wiketi nyingi msimu uliopita nyumbani. Wiketi hizo zilitoka kwenye udongo gani, na kwa mpira upi? Wiketi 60 za nyumbani zinaweza kuwa wiketi 6 za ugenini.

(Watu husema mpira unapinda kukiwa na mawingu kwa sababu hewa yenye unyevu ni nzito. Sivyo. Hewa yenye mvuke wa maji ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Sisi tunaoishi na unyevu wa Ziwa Victoria tusiendeleze uzushi huo. Mwenye uhakika wa kupindisha ni mshono ulioelekezwa pembeni na upande mmoja wa ngozi unaong'arishwa kwa jasho, maana mate yamepigwa marufuku tangu 2020.)

Kwa ziara ya mechi tano Uingereza, warushaji wa kasi wawe watano au sita, wa spini wawili. Kwa India kinyume chake karibu kabisa: wa kasi wanne, wa spini wanne ukihesabu viraka. Lakini idadi peke yake haitoshi, lazima wasifanane. Warushaji wanne wa mkono wa kulia, urefu mmoja, kasi moja, ni mrushaji mmoja aliyeandikwa mara nne. Mpigaji akishamzoea wa kwanza amewazoea wote.

Faida ya mashoto wa kasi mara nyingi haimo hata kwenye wiketi zake. Mrushaji akishaachia mpira, nyayo zake zenye njumu zinachimba ardhi mbele yake. Mashimo hayo, warushaji wakigeuza upande, yanakuwa karibu na miguu ya mpigaji. Wa mkono wa kulia anachimba mahali ambapo kwa mpigaji wa kulia ni nyuma ya miguu, si hatari sana, ila kwa mpigaji mashoto ni mbele ya gongo lake. Wa mkono wa kushoto anachimba kinyume: mashimo yanakaa mbele ya gongo la mpigaji wa kulia, na wapigaji wengi duniani ni wa kulia. Siku ya nne mtu wa spini anakuja kuangushia mpira humohumo. Australia wamevuna hivyo kwa miaka: Mitchell Starc anachimba, Nathan Lyon anavuna. Anayemtathmini Starc kwa wiketi zake tu hajaona nusu ya kazi yake.

Baada ya aina, mzigo. Mrushaji wa kasi kwenye Testi anarusha ova 15 hadi 20 kwa siku, na kwa mechi nzima anaweza kufika 40. Anayetoka kwenye kriketi ya ova 20, ambako kazi yake ni ova nne na kwenda kunywa maji, mwili wake haujui kitu hicho. Kinachovunja watu ni kuruka ghafla kutoka mirusho 100 kwa wiki hadi 250. Mfupa wa mgongo wa chini unapata ufa mwembamba, na mchezaji anapotea miezi sita au zaidi. Vijana wa chini ya miaka 23 ndio wanaoumia hivyo zaidi. Kwa hiyo mteuzi anayejua kazi yake hasomi takwimu za wiketi kwanza, anasoma daftari la mirusho ya wiki nane zilizopita.

Ziara ya India nchini Uingereza mwaka 2025 ni mfano mzuri, kwa sababu walikwenda na hesabu hiyo mkononi. Mechi tano kuanzia tarehe 20 Juni hadi 4 Agosti. Jasprit Bumrah, mrushaji bora wao na pengine wa dunia, alitangaziwa mapema kwamba atacheza tatu tu. Vijiwe vikawaka: utamwachaje Bumrah nje? Matokeo yake, mechi mbili walizoshinda India, Edgbaston na The Oval, ndizo mbili ambazo Bumrah hakucheza. Edgbaston nafasi yake alipewa Akash Deep, naye akaondoka na wiketi kumi. The Oval walishinda kwa mikimbio sita tu, Mohammed Siraj akiwa ameshacheza mechi zote tano na kufikisha wiketi 23. Ziara ikaisha mbili kwa mbili. Simaanishi Bumrah aachwe. Ningemchukua hata akiwa na mguu mmoja. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeandikwa wa nne au wa tano kwenye safu ya kasi aliteuliwa kama mtu atakayecheza, na alicheza.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni Brisbane, Januari 2021. India walianza ziara ya Australia kwa aibu ya Adelaide, zamu yao ya pili ikaishia mikimbio 36. Virat Kohli akarudi nyumbani mkewe akajifungue. Halafu majeruhi wakapangana foleni: Mohammed Shami mkono, Umesh Yadav msuli wa mguu, Ravindra Jadeja kidole gumba, Ravichandran Ashwin mgongo, Bumrah tumbo. Mechi ya nne ilipofika, warushaji watano waliobaki, wote kwa pamoja, walikuwa wamecheza Testi nne. Thangarasu Natarajan alipelekwa Australia kama mrushaji wa kuwafanyisha wenzake mazoezi. Washington Sundar alikuja kwa ajili ya ova 20 na akabakizwa kwa kazi hiyohiyo ya mazoezi. Na uwanja wenyewe ni Gabba, ambako Australia hawakuwa wamefungwa tangu 1988.

Kwa saa za Mwanza mechi ilianza saa tisa usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zinawaka ziwani. Katika zamu ya kwanza India walikuwa 186 kwa wiketi sita, kifo. Sundar akapiga 62, Shardul Thakur 67, wakaweka 123 wakiwa pamoja. Thakur akakusanya wiketi saba kwa mechi nzima, Siraj tano katika zamu ya pili. Siku ya tano Rishabh Pant akamalizia kazi, mikimbio 328 ikafikiwa wiketi tatu zikiwa zimebaki. Wachezaji 20 walitumika katika ziara ile ya mechi nne.

Watu husimulia kisa hicho kama muujiza. Mimi nakiona kama karatasi ya uteuzi iliyoandikwa vizuri miezi miwili kabla. Angalia kilichowaokoa: warushaji wanaojua kupiga. Thakur na Sundar ni warushaji ambao mtu angewaweka namba saba na nane bila aibu. Kamati ikiwa na warushaji wawili wanaolingana, mmoja wastani wake wa kupiga ni 5 na mwingine ni 22, ugenini mchukue wa pili hata kama kasi yake imepungua kidogo. Mkia mrefu, yaani watu wanne mfululizo wasiojua kushika gongo, unapoteza mikimbio 60 kila zamu, na mechi nyingi za ugenini zinaamuliwa kwa chini ya hapo.

New Zealand walikwenda India Oktoba 2024 wakitoka kufungwa mbili kwa sifuri Sri Lanka. Kane Williamson, mpigaji wao mkubwa, hakusafiri kwa sababu ya jeraha la kinena. India hawakuwa wamepoteza ziara nyumbani tangu 2012. Bengaluru kulikuwa na mawingu na unyevu, na New Zealand walikuwa na watu wa kasi wa kutumia hali hiyo: India wote nje kwa 46, Matt Henry tano, William O'Rourke nne. Pune, Henry aliumia. Akaingia Mitchell Santner, ambaye wengi walimjua kwa ova 20, akachukua wiketi 13. Mumbai, Santner akaumia. Ajaz Patel akachukua 11 na India wakashindwa kufika 147. Aliyeziba nafasi ya Williamson, Will Young, alimaliza na mikimbio 244 na tuzo ya mchezaji bora wa ziara. Tatu kwa sifuri, kitu ambacho hakuna timu iliwahi kukifanya kule katika ziara ya mechi tatu. Kila mechi ilimhitaji mtu tofauti, na kila mara mtu huyo alikuwa tayari hotelini.

Kwa spini kuna swali jingine: uchukue mwenye rekodi au mwenye umbo? Uingereza walipokwenda India Januari 2024 walichagua umbo. Tom Hartley hakuwa na takwimu za kumtisha mtu, lakini ni mrefu, anaachia mpira juu na kwa kasi, na pichi za India zinawapenda watu wa namna hiyo kuliko wale wanaourusha taratibu juu hewani. Mrusho wake wa kwanza kabisa wa Testi ulipigwa sita. Zamu ya pili akachukua wiketi saba kwa mikimbio 62 na Uingereza wakashinda Hyderabad. Shoaib Bashir, kijana mwenye mechi sita tu za daraja la kwanza, naye alichaguliwa kwa sababu hizohizo, na mechi hiyo ya kwanza hakucheza: viza ilichelewa, ikabidi arudi London kuifuata. Sijui kama kuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa zaidi kuhusu viza. Kamati makini inaomba viza kwa watu 22 au 24, wakiwemo ambao pengine hawataondoka, wiki nyingi kabla orodha haijasomwa. Uingereza walipoteza ziara hiyo nne kwa moja, lakini Hartley na wiketi zake 22 ndiye aliyeongoza timu yake.

Mwaka mmoja kabla, Australia walikuwa wamejifunza hilo kwa njia ya mzunguko. Matthew Kuhnemann hakuwemo kwenye orodha yao ya India ya 2023. Mitchell Swepson aliporudi nyumbani kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto wake, Kuhnemann akaitwa, akacheza Delhi, na Indore akachukua tano kwa 16. Australia wakashinda Indore kwa wiketi tisa. Kama mteuzi angekuwa ameangalia udongo kabla ya jina, Kuhnemann angepanda ndege ya kwanza.

Wapigaji nitawazungumzia kwa ufupi kwa sababu hapo kamati hukosea mara chache. Wafunguzi, wale wanaoanza kupiga, chukua watatu, si wawili. Hiyo ndiyo kazi inayovunja watu haraka, na namba tano hawezi kuazimwa kuifanya. Wastani wa jumla hauna maana, soma wastani wa ugenini, halafu soma alivyotolewa: kama mara saba katika kumi amedakwa nyuma akiwa anaukimbilia mpira mbele, Dukes itammaliza kabla ya Julai. Kwa Australia mtafute anayecheza akiegemea mguu wa nyuma. Kwa India mtafute anayetumia miguu, kwenda mbele kabisa au kurudi nyuma kabisa, kwani anayebaki katikati ndiye chakula. Na mashoto wawili kati ya sita wanawasumbua warushaji kubadilisha mstari kila mkimbio mmoja.

Mlinda wiketi wa pili apelekwe daima. Manchester, Julai 2025, Pant alivunjika mguu kwa mpira wa Chris Woakes, na aliyevaa glavu ni Dhruv Jurel, ambaye mechi iliyofuata alianza. Uingereza mpira unayumba baada ya kumpita mpigaji, kwa hiyo glavu nzuri zina thamani kuliko mikimbio kumi zaidi. Wadakaji wa slipu, wanaosimama kando ya mlinda wiketi, ambao hakuna kamati inayowataja hadharani, wahesabiwe kabla orodha haijafungwa: wanne wanaoaminika, na wawili wao wasiwe warushaji, maana mrushaji aliyechoka anadondosha.

Kuna sehemu moja ya uteuzi isiyohusu udongo, na Afrika haiwezi kuisahau. Mwaka 1968 Uingereza walikuwa wanateua timu ya kwenda Afrika Kusini. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye ubaguzi ulimnyima kucheza kwao, alikuwa ameitwa kwenye Testi ya mwisho dhidi ya Australia kwa sababu mwenzake Roger Prideaux aliugua. Akapiga 158. Siku chache baadaye orodha ya ziara ikasomwa, hakuwemo. Kelele zikawa kubwa. Kisha Tom Cartwright, mrushaji, akajitoa kwa jeraha, na D'Oliveira akaitwa kuziba. Waziri Mkuu wa makaburu, Vorster, akasema timu hiyo hataipokea. Ziara ikafutwa. Afrika Kusini walicheza Testi chache zaidi nyumbani mpaka 1970, halafu hawakugusa nyingine hadi 1992. Mtu aliyeingia mara mbili kama mbadala ndiye aliyefungua mlango ambao wateuzi walikuwa wameufunga kwa makusudi, na hoja zao za “kiufundi” za siku ile zinasomeka vibaya hadi leo.

Sisi wa kanda hii hatuna Testi. Kwa sisi Watanzania, karibu zaidi tulikofika ni 1975, timu ya Afrika Mashariki yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilipokwenda Kombe la Dunia Uingereza, ova 60 kwa timu, na kupoteza mechi zote tatu. Lakini mbinu ya kuteua kwa kuangalia pichi imefika hadi ng'ambo ya ziwa. Uganda walipokwenda Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024 walimchukua Frank Nsubuga akiwa na miaka 43. Guyana, kwenye pichi ya polepole isiyodundisha, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Uganda wakashinda. Kwenye pichi ngumu ya kudundisha nisingemchukua, na nadhani hata wao wasingemchukua.

Orodha ikishasomwa, kazi bado. Wapo watatu au wanne walioachwa, ambao ndio wataitwa kwanza ndege ikishatua. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuwaacha wapumzike. Mrushaji wa akiba anayekaa nyumbani wiki tatu bila kurusha, kisha akaitwa Jumatatu na kuanza mechi Alhamisi, ndiye anayechanika ova ya kumi na mbili, na hapo hakuna wa kumrithi mpaka siku ya tano. Apewe ratiba yake: ova 25 hadi 30 kwa wiki kwa siku tatu au nne, siku mbili zikifuatana ili mwili ukumbuke kurusha ukiwa umechoka, na arushe mpira wa kule anakoweza kuitwa, wala si wa nyumbani. Boksi moja la Dukes liachwe kwake. Pasipoti iwe na viza. Na kama ana mechi ya ova 20 Jumamosi, aicheze, lakini jioni ileile arudi kwenye wavu wa mazoezi akamalizie ova nane zilizobaki.